Jino la Mtoto Li Hai

Watu wengi huhesabu jino kuwa kama jiwe lililopandwa kinywani. Kwa kuwa ni gumu na lang'aa, wadhani halina uhai, na likiuma dawa yake ni koleo tu. Sivyo. Jino ni kiungo kilicho hai, kama jicho au kidole. Lalishwa kwa damu, lahisi baridi na joto, na likinyimwa damu hufa. Tena katika miaka hii waganga wamejifunza jambo ambalo babu zetu wasingelisadiki: jino la mtoto lililokwisha kufa laweza, mara nyingine, kurudishiwa damu na kuendelea kukua.

Pengine msomaji wa Mushaki atauliza, habari hizi zatuhusu nini sisi tukaao milimani mwa Masisi, mbali na vyuo vikuu vya Ulaya na Asia? Zatuhusu sana. Kazi ya waganga hao ni ya hospitali kubwa, lakini fundisho lake ni la kila nyumba. Latuambia ya kuwa jino la mtoto wa miaka sita hadi kumi lina nguvu ya kupona ambayo jino la mtu mzima halina, nasi twaipoteza nguvu hiyo bure kwa kutojua. Sisi tufundishao watoto twawaona darasani wameshika mashavu, na wengine wamekwisha kung'olewa magego ambayo wangeyahitaji mpaka uzeeni. Kwa hiyo yafaa wazazi na wanafunzi waelewe jino ni kitu gani, na uhai wake watoka wapi.

NYUMBA YENYE MLANGO MMOJA

Tukilipasua jino katikati twaona sehemu tatu. Nje pana enameli, gamba jeupe lililo gumu kupita kitu chochote kingine mwilini mwa binadamu. Chini yake pana dentini, iliyo mfano wa mfupa, yenye rangi ya manjano kidogo. Na katikati kabisa mna chumba kidogo kilichojaa nyama laini, ambacho huteremka mpaka ndani ya mizizi. Nyama hiyo tutaiita kiini cha jino. Ndani yake mna mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na chembe hai, zile ambazo vitabu vya shule huziita seli, zenye kazi ya kujenga dentini.

Damu huingia katika chumba hicho kwa njia nyembamba sana, yaani tundu lililo kwenye ncha ya mzizi. Kwa mtu mzima tundu hilo kwa kawaida halifikii hata nusu milimita. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa jino. Kidole kikiumia huvimba, kwa sababu ngozi hutanuka. Kiini cha jino kikiumia hakina nafasi ya kuvimba, maana kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Damu huzidi kuja, lakini hakuna mahali pa kukaa. Mishipa hubanwa, chembe hukosa hewa na chakula, na kiini hufa. Ndipo vijidudu hujaa katika nyama iliyokufa, hushuka hadi ncha ya mzizi, na jipu hutokea ufizini.

Hapa wazazi wengi hudanganyika. Mtoto hulia usiku mbili tatu, halafu maumivu hukoma yenyewe. Mama humshukuru Mungu akisema mtoto amepona. Kumbe maumivu yamekoma kwa sababu kiini kimekufa, na maiti haina fahamu. Ugonjwa wenyewe waendelea chini kwa chini, na baada ya majuma au miezi shavu lavimba.

GEGO LA MWAKA WA SITA

Mtoto huota meno 20 ya utoto, na mtu mzima akikamilika huwa na meno 32. Watu wengi wajua kwamba meno ya utoto huanguka na mengine huota mahali pake. Wasilolijua wengi ni habari ya gego la kwanza la kudumu. Gego hilo hutokea mtoto apatapo umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, wala halimwondoi jino lolote lililotangulia. Kwa kuwa hakuna jino lililoanguka, wazazi hudhani nalo ni la utoto. Likitoboka husema, “Liache, litaanguka tu, litaota jingine.” Halitaota jingine. Hilo ndilo jino atakalotafunia mahindi na maharage mpaka mwisho wa maisha yake.

Tena kuna jambo la pili, ambalo ndilo msingi wa makala haya. Jino lichomozapo ufizini halijamaliza kujengwa. Kichwa chake kimekamilika, lakini mzizi ungali mfupi, kuta zake ni nyembamba, na ncha yake i wazi kama mdomo wa tarumbeta. Huchukua kadiri ya miaka mitatu zaidi mpaka mzizi ufikie urefu wake, kuta zinenepe, na ncha ifunge. Fundi wa kazi hiyo yote ni kiini. Kiini kikifa mtoto akiwa na miaka saba au minane, ujenzi husimama papo hapo, kama nyumba iliyokimbiwa na mwashi kabla ya kuezekwa. Jino hubaki na kuta nyembamba, na siku moja huvunjika kwa kutafuna mfupa au kwa pigo dogo la mpira.

Lakini Mwenyezi Mungu aliyeliumba jino hakuliacha bila tumaini. Ile ncha iliyo wazi, ambayo ni udhaifu, ndiyo pia mlango mpana. Katika mdomo wa mzizi ulio mchanga pana kundi la chembe changa zenye nguvu ya kuzaa chembe nyingine, nazo wataalamu huziita seli shina. Mara nyingi seli hizo hubaki hai hata kiini chote cha juu kikiwa kimeoza. Zangoja kitu kimoja tu, nacho ni damu.

NJAA IITAYO DAMU

Sasa tuulize, mishipa ya damu huotaje? Mwaka 1628 mganga Mwingereza William Harvey alichapa kitabu chake kilichoonyesha kwamba damu huzunguka mwilini, ikisukumwa na moyo. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia aliona kwa darubini vile vishipa vyembamba kuliko unywele ambavyo huiunganisha mishipa iletayo damu na ile irudishayo. Huitwa kapilari. Chembe nyingi za mwili haziwezi kuishi mbali navyo. Chembe ya namna hiyo ikitengwa na kapilari kwa umbali wa kadiri ya sehemu mbili za kumi za milimita, yafa kwa kukosa hewa.

Lakini mishipa hiyo haikuumbwa mara moja ikaisha. Palipo na jeraha, mishipa mipya huchipua kutoka ile ya zamani, kama vile mabua ya viazi yatoavyo machipukizi. Nani huiamuru ichipue? Ni chembe zenyewe zilizo na njaa. Chembe ikikosa oksijeni hutengeneza protini iitwayo VEGF na kuitoa nje. Protini hiyo huenea mpaka kwenye mshipa ulio karibu, na kuta za mshipa huipokea kama mtu apokeavyo wito. Ndipo chembe za mshipa hujigawa na kutambaa kuelekea palipotoka wito huo. Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya uganga walipewa watu watatu, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani na Peter Ratcliffe wa Uingereza, kwa kuonyesha jinsi chembe itambuavyo upungufu wa oksijeni.

Ni ajabu kuona ya kwamba dentini yenyewe imehifadhi akiba ya protini za namna hiyo. Wakati kiini kilipoijenga dentini, zilifungiwa ndani yake, kama mtu azikaye fedha ukutani mwa nyumba yake. Waganga wamegundua kwamba wakizisafisha kuta za ndani ya jino kwa dawa iitwayo EDTA, sehemu ya akiba hiyo hufunguka na kuwaita mishipa na seli shina. Nyumba iliyobomoka yatoa yenyewe mali ya kuijengea.

WAGANGA WALIVYOTAFUTA NJIA

Zamani jino la mtoto lililokufa lilikuwa na njia mbili tu. Ama lilingolewa, ama mganga alilijaza dawa ya kalisi kwa miezi mingi ili ncha ya mzizi ifungwe kwa kizibo kigumu. Njia hii ya pili ilisaidia, lakini mzizi haukuongezeka urefu, wala kuta hazikunenepa.

Mwaka 1961 mganga wa Norway, Nygaard-Østby, alitoa habari za majaribio yake. Aliwaza kwamba, kama jeraha la mwilini hupona kwa donge la damu, huenda donge la damu likasaidia pia ndani ya mzizi wa jino. Alisafisha, akaifanya damu iingie ndani ya mzizi, akangoja. Nyama mpya iliota, ingawa haikuwa kiini cha kweli. Wazo lake lilikaa miaka 40 kabla ya kuzaa matunda.

Mwaka 2001 waganga wa Japani, Iwaya na wenzake, walieleza habari za mtoto mmoja aliyekuwa na jino lenye usaha na mzizi usiokamilika. Badala ya kuling'oa au kulijaza kizibo, walilisafisha kwa dawa za kuua vijidudu. Baada ya miezi mingi picha za eksirei zilionyesha kwamba kuta za mzizi zimenenepa na ncha imefunga. Mwaka 2004 Banchs na Trope wa Marekani walieleza utaratibu ambao wengi waliufuata baadaye. Kwanza jino huoshwa kwa maji ya klorini. Kisha huwekwa antibiotiki kwa majuma kadhaa, mpaka usaha uishe. Halafu mganga hulifungua tena, huchokoza kwa sindano nyama iliyo nje ya ncha ya mzizi ili damu ipande na kujaza chumba, na donge likishika hulifunika kwa saruji maalumu isiyopitisha vijidudu.

Tusiseme kupita kiasi. Kazi hii haifanikiwi kila mara, nayo yafaa hasa kwa meno ya watoto yenye ncha iliyo wazi. Tena waganga walipochunguza kwa darubini meno machache yaliyotibiwa hivyo, mara nyingi waliona kwamba nyama iliyoota yafanana zaidi na mfupa na nyama ya kando ya mzizi kuliko kiini cha kweli. Jino limesimama, halina usaha, latafuna. Lakini fundi wa asili hakurudi. Ndiyo sababu wataalamu wanaendelea kutafuta jinsi ya kuiita mishipa kwa wingi zaidi na kwa mpango mzuri zaidi. Wengine huchukua damu kidogo ya mgonjwa mwenyewe, huizungusha kwa mashine mpaka sehemu zake zitengane, na kutoka humo hupata donge lenye protini nyingi za kuita mishipa. Njia ya kupata donge hilo ilielezwa mwaka 2001 na mganga Mfaransa Joseph Choukroun. Wengine hujaribu kuitia VEGF yenyewe ndani ya jino.

Hapo pana hatari ya kuangaliwa. Mwaka 1971 mganga wa Marekani Judah Folkman aliandika kwamba uvimbe wa kansa hukua kwa kujiitia mishipa ya damu, na leo zipo dawa za kansa ambazo kazi yake ni kuizuia VEGF. Dutu ile ile iletayo uhai katika jino yaweza kulisha uvimbe mahali pengine. Hivyo kipimo na mahali ni lazima vilindwe sana, na VEGF ndani ya jino ingali jambo la majaribio.

MBEGU KUTOKA JINO LA UTOTO

Habari iliyowashangaza wengi ilitoka mji wa Xi'an, China, mwaka 2018. Waganga wa huko waliwatibu watoto ambao meno yao ya mbele ya kudumu yalikufa kwa kuanguka au kupigwa. Walichukua chonge la utoto la mtoto mwenyewe, wakatoa seli shina ndani yake, wakazizidisha katika maabara, kisha wakazipanda ndani ya jino lililokufa. Baada ya mwaka mmoja, katika watoto 26 waliofuatiliwa, walipata dalili za nyama mpya yenye mishipa ya damu. Mizizi iliongezeka urefu, na meno yalianza tena kuhisi.

Pengine Mkristo mwenye dhamiri atauliza kama mambo haya ya seli shina yapatana na mafundisho ya Kanisa. Jibu liko wazi. Mwaka 2008 Roma ilitoa barua iitwayo Dignitas Personae. Humo Kanisa lakataza kuua kiumbe aliye tumboni au aliyetungwa katika maabara ili kupata seli zake. Lakini seli zitolewazo katika mwili wa mtu bila kumdhuru vibaya, barua hiyo haizikatai. Seli za jino la utoto, ambalo lingeanguka lenyewe na kutupwa juu ya paa, ni za namna hii. Mkatoliki hana sababu ya kuziogopa.

WEMBE UHARIBUO MBEGU

Wasomaji wapenzi, ilipofika habari ya chonge la utoto tulihuzunika, kwa sababu katika nchi zetu za Maziwa Makuu jino hilo hilo ndilo lichimbuliwalo na waganga wa kienyeji. Mtoto mchanga wa miezi michache akiharisha au akiwa na homa, watu humfungua kinywa, huona uvimbe mweupe ufizini, na kusema kwamba ni jino baya liletalo ugonjwa. Kinyarwanda huitwa ibyinyo, Uganda husema ebinyo, na Tanzania wengi hulijua kwa jina la meno ya nailoni au meno ya plastiki. Mtaalamu wa Denmark, Pindborg, aliandika habari za desturi hiyo huko Uganda mwaka 1969. Ufizi hupasuliwa kwa wembe, msumari au njiti ya baiskeli, na kichipukizi cha chonge hutolewa.

Kumbe uvimbe ule si ugonjwa. Ni chonge la utoto likiwa changa, limejaa mishipa ya damu na seli zile zile ambazo wataalamu wa Xi'an walizitafuta kama dhahabu. Na chini yake pana kichipukizi cha chonge la kudumu, ambacho mara nyingi huharibika pamoja nalo. Zaidi ya hayo, mtoto aweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa UKIMWI kwa chombo kichafu. Ugonjwa wa kuharisha haukai katika ufizi. Dawa yake ni kumnyonyesha mtoto asikauke, kumpa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri, na kumpeleka kituo cha afya. Mama mkwe akishurutisha wembe, mama mtoto na amjibu kwa heshima, lakini asikubali.

MAZIWA YA MASISI

Kuna namna moja ya kurudi kwa damu katika jino isiyohitaji maabara, nayo yaweza kuanzia uwanjani mwa shule yetu. Mtoto acheza mpira, agongana na mwenzake, na jino la mbele la kudumu latoka zima na mzizi wake. Wengi hulitupa. Wasilitupe. Mganga wa Denmark, Jens Ove Andreasen, pamoja na wenzake, walieleza mwaka 1995 habari za meno 400 yaliyong'oka kwa ajali na kurudishwa mahali pake. Kati ya yale yaliyokuwa na mizizi isiyokamilika, na ambayo ilitumainiwa kwamba mishipa ingerudi, kadiri ya theluthi moja yalipata tena damu. Mishipa huingia kwa ile ncha iliyo wazi na kupanda polepole, kadiri ya nusu milimita kwa siku, mpaka ikijaze chumba chote baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo.

Lakini saa yenyewe ni fupi. Jino likishikwa, lishikwe kichwa, si mzizi. Likiwa na udongo, lisuuzwe upesi kwa maji safi au maziwa, lisisuguliwe hata kidogo, maana juu ya mzizi pana ngozi nyembamba iliyo hai. Kisha lirudishwe tunduni mara moja, na mtoto aume kitambaa safi mpaka afike hospitali. Kama haiwezekani kulirudisha, litiwe katika maziwa mabichi yaliyo baridi, si ya mgando. Maji matupu huziua zile chembe. Maziwa huzihifadhi kwa saa kadhaa. Nani apate maziwa upesi kuliko watu wa Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini? Kikombe cha maziwa kilicho jikoni kwa jirani chaweza kuliokoa jino. Hospitalini na waulize pia habari ya chanjo ya pepopunda. Ila jino la utoto likitoka lisirudishwe, lisije likadhuru la kudumu lililo chini yake.

KUZIBA UFA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kurudisha damu katika jino lililokufa ni kujenga ukuta, nayo ni kazi ghali. Yataka eksirei, dawa za mpango, na mganga wa meno aliyejifunza sana. Kituo kidogo cha milimani hakiwezi. Kuziba tundu kungali dogo ni kuziba ufa, na hili lawezekana hata pasipo umeme.

Njia hiyo ilianzia Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, mganga Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutengeneza meno vijijini kwa vyombo vya mkono tu. Waliondoa sehemu iliyooza na kuwa laini, bila mashine ya kuchokora, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya meno. Mwaka 1994, siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 saruji itumiwayo, iitwayo glasi ayonoma, iliandikwa katika orodha ya dawa za lazima za shirika hilo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Kiini kilicho chini ya kizibo hubaki na damu yake, na mzizi humaliza kujengwa.

Haja ni kubwa. Shirika hilo hilo lilihesabu mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Nasi wa Mushaki tunayo taabu yetu ya ziada. Mwaka 2023 vita viliifikia Mushaki mwezi Februari na tena mwezi Desemba, na familia nyingi ziliteremka Sake na Goma na mizigo kichwani. Katika safari ya namna hiyo nani afikiriaye habari za jino? Lakini watoto wale wale walikuwa na miaka sita, saba, minane. Na miaka mitatu ya mzizi haingoji amani. Kwa hiyo mzazi aliyekosa mengi asikose angalau haya manne yasiyotaka fedha nyingi.

Kwanza, mtoto apatapo miaka sita, mfungueni kinywa mwangani, mkatazame nyuma kabisa. Gego mtakalolikuta pale ni la maisha yote.

Pili, na apige mswaki asubuhi na jioni kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi ikipatikana. Ikikosekana, mti wa mswaki uliosafishwa wafaa kuliko kukaa bure. Peremende na soda zisiwe chakula cha kila siku.

Tatu, tundu likionekana, hata kama haliumi, mpelekeni kwa mganga kungali mapema. Mkiambiwa ling'olewe, ulizeni kwa adabu: “Je, jino hili ni la utoto au la kudumu? Laweza kuzibwa?” Swali hilo halimtukani mganga. Na maumivu yakikoma ghafula, msiseme limepona.

Nne, wembe usikaribie ufizi wa mtoto mchanga.

Nanyi wanafunzi wa madarasa ya juu, mnaopenda elimu ya viumbe, jueni kwamba Chuo Kikuu cha Kinshasa, Muhimbili, Makerere na Nairobi hufundisha waganga wa meno. Milima yetu yawahitaji. Mmoja wenu akirudi na elimu hiyo, watoto wa Masisi hawatasikia habari za Japani na China kama hadithi za mbali.

Kanisa humkumbuka tarehe 9 Februari Mtakatifu Apolonia, bikira wa Aleksandria katika Misri, ambaye mwaka 249 adui za imani walimvunja meno kwa mapigo kabla hajafa katika moto. Tangu kale Wakristo wenye maumivu ya meno humwomba awaombee. Alikuwa Mwafrika, naye alikubali kupoteza meno yake kuliko kumkana Kristo. Sisi hatudaiwi kafara hiyo. Twadaiwa tu kuyatunza meno ya watoto tuliokabidhiwa na Mungu, maana nayo ni sehemu ya mwili ambao siku moja utafufuliwa. Mtakatifu Apolonia awaombee watoto wetu, na Mungu awajalie wazazi macho ya kuona kungali mapema.